Hukuugundua Mto Ramisi, Ulipelekwa

Desemba iliyopita niliposti rili ya sekunde 48. Mikoko pande zote mbili, kayaki ya manjano katikati, drone juu, halafu asubuhi hema kwenye mchanga wa Funzi na birika linatoa moshi. Kapsheni: "Nimegundua mto wa siri Kwale." Iliangaliwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Watu wa Nairobi wanauliza lokesheni, watu wa Mombasa wanaapa hawajawahi kusikia, na mimi nimekaa hapo najiona Ibn Battuta.

Kesho yake ami akanipigia simu kutoka Bodo.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Hebu niambie mwanangu, huo mto ulougundua ni upi? Maana huu wetu babako mkubwa aliupita na mtumbwi kabla wewe hujafikiriwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza swali la pili: yule kijana aliyekuwa mbele yenu kwenye mtumbwi, mbona simuoni?

Hakuonekana kwa sababu nilimkata. Kweli kabisa, nilimkata. Kwenye klipu halisi kuna sauti yake, tukiwa tumefika kwenye kona fulani ambapo mikoko inaanza kupungua, anasema: "Hapa tunageuza. Mbele maji yanaanza kuwa matamu, mamba ni wengi, na hicho chombo chenu kimekaa chini sana." Sisi tukalalamika kidogo, tukageuza. Nyumbani nikaona sauti yake inaharibu vaibu. Nikaifuta, nikaweka muziki. Kwenye rili inaonekana kama tumeenda wenyewe na kurudi wenyewe.

Hiyo simu ndiyo iliyonifanya nianze kusoma, na nilichokuta ni kwamba sikuwa wa kwanza. Kufuta sauti ya anayekuongoza mtoni ni tabia ya zamani sana, na kuna watu walijengewa sanamu kwa kazi hiyo.

Chukua Livingstone. Shuleni tuliambiwa aliyagundua maporomoko ya Victoria tarehe 16 Novemba 1855. Sasa angalia alivyofika. Sekeletu, mfalme wa Wakololo, ndiye aliyempa watu, chakula na mitumbwi. Wapiga kafi wanaoyajua maji yale walimteremsha Zambezi wakipita kati ya mawe na mikondo, mpaka wakamfikisha kwenye kisiwa kidogo kilichokaa pale pale mto unapoanguka. Kukosea kidogo tu ni kwisha. Yeye alikuwa amekaa. Yaani ukiiangalia vizuri, hiyo ni pakeji ya utalii: mtumbwi, maguide, chakula, malazi njiani. Na mahali penyewe palikuwa na jina, Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Sikia hilo neno lilivyo jirani na Kiswahili. Mgeni akaondoa jina, akaweka la malkia wake. Kapsheni mpya.

Stanley ndiye anayetuhusu zaidi, kwa sababu safari yake ilitoka pwani yetu hii. Novemba 1874 aliondoka Bagamoyo na msafara wa watu mia kadhaa, wengi wao wangwana wa Zanzibar na watu wa pwani. Walibeba mashua ya futi 40 iliyoundwa Uingereza, inaitwa Lady Alice, imekatwa vipande ili ichukuliwe mabegani. Unganisha, zunguka Ziwa Victoria. Fungua, beba. Unganisha, zunguka Tanganyika. Kisha wakaingia Lualaba, wakaufuata mpaka ukawa Kongo, na Agosti 1877 wakatokea Boma, karibu na Atlantiki. Wenzake watatu Wazungu wote walikufa njiani. Waafrika waliokufa ni wengi mno, kwa maji, kwa ndui, kwa njaa, kwa vita.

Nahodha wa Lady Alice alikuwa mtu anaitwa Uledi. Ndiye aliyeshika usukani na ndiye aliyekuwa akijitosa majini mtu akianguka. Stanley mwenyewe ameandika kwamba Uledi aliokoa zaidi ya watu kumi wasizame. Na bado, njaa ilipobana karibu na mwisho wa safari na Uledi akakutwa ameiba shanga, ambazo ndizo zilikuwa pesa ya kununulia chakula, aliwekwa mbele ya watu ahukumiwe kuchapwa. Ndugu yake na binamu yake wakajitolea wachapwe wao badala yake. Akasamehewa. Mimi nilisoma hapo nikafunga simu kwanza. Miaka kumi na mbili ya shule, insha ngapi za Stanley, na jina la Uledi sijawahi kulisikia.

Lakini tusijipake mafuta. Msafara ule ulikuwa na bunduki, na watu wa kando ya mto walipigwa risasi kwa sababu tu walitoka na mitumbwi yao kuuliza hawa ni akina nani. Sehemu ya njia ilisindikizwa na Tippu Tip, Mswahili wetu wa Zanzibar, tajiri wa pembe za ndovu na watumwa. Na Stanley alipomaliza, mfalme Leopold wa Ubelgiji akamwajiri kuufungua mto ule kwa ajili yake, na yaliyofuata Kongo mnayajua. Kwa hiyo kumjua guide hakumaanishi kumfanya malaika.

Kayaki yenyewe ina hadithi ya aina hiyo hiyo. Wengi tunaidhani ni kifaa cha Wazungu cha plastiki. Ni chombo cha Wainuit, watu wa Greenland na kaskazini ya Kanada, waliokiunda kwa ngozi ya sili juu ya mifupa au miti, kwa ajili ya kuwinda. Kazi tupu, kama mtumbwi wa mwembe wa Bodo ulivyo wa kazi. Kikageuka starehe mwaka 1865, wakili mmoja wa Uskochi, John MacGregor, alipounda kidau cha mbao cha mtindo huo, akakiita Rob Roy, akazunguka nacho mito ya Ulaya na kuandika kitabu kilichouzwa sana. Miaka michache baadaye alikileta mpaka Misri. Tangu hapo kupiga kafi bila kutafuta samaki kukawa ni kitu cha kujivunia. Mwaka 1951 Mmarekani John Goddard na Wafaransa wawili wakamaliza kuushuka Nile kwa kayaki, kutoka chanzo cha Kagera mpaka Bahari ya Kati. Wanaume kwelikweli, siwanyimi haki yao. Ila kila kijiji walichopita kilikuwa na watu waliozaliwa na mitumbwi.

Nile hiyo hiyo inatufundisha kitu kingine. Pale Jinja, Uganda, biashara ya kuwapitisha wageni kwenye mawimbi ilianza 1996. Vijana wa vijiji vya kando ya mto wakajifunza, wakawa maguide, wengine wakawa wachezaji wa kayaki wa kwenda mashindano ya dunia. Halafu bwawa la umeme la Bujagali likakamilika 2012, mawimbi ya juu yakazama. Wakahamia chini. Bwawa la Isimba likazinduliwa 2019, mengine yakazama. Umeme unatakiwa, sibishi. Nasema tu kwamba unaweza kuujua mto kuliko mtu yeyote na bado ukasoma habari zake gazetini.

Sasa turudi Ramisi, maana huu nao umeona mengi. Unaanzia vilima vya Chenze, unapita chini ya daraja la barabara ya Lunga Lunga, unamwagika baharini hapa Bodo, Funzi ikiwa mbele yako. Juu kidogo kulikuwa na kiwanda cha sukari tangu miaka ya 1920. Watu walitoka mbali kuja kukata miwa. Kikafungwa 1988, na watu wakarudi kwa bahari na kwa mikoko. Mikoko nayo ilikuwa biashara kubwa pwani nzima, boriti zikipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kusafirisha nje mwaka 1982. Babu zetu waliingia vijito hivi na pondo na shoka. Leo Gazi, hapo jirani, mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013 unauza hewa ya kaboni ya mikoko iliyosimama. Yaani mti ule ule, zamani ukilipwa ukiukata, sasa unalipwa ukiuacha.

Na hapo katikati ndipo waliposimama vijana wa Bodo wenye boti. Mgeni anataka mamba, anataka ndege, anataka kulala kwenye hema. Yote yanategemea kujua maji. Unapanda mto maji yakijaa, unarudi yakianza kupwa. Ukichelewa saa moja unakaa kwenye tope unahesabu mbu. Bamvua si sawa na maji mafu. Hema huliweki kando ya mto hata ukilipwa, unaliweka upande wa mchanga, juu ya mstari wa mwani, kwa sababu mstari huo ndio unaokuambia maji ya jana yalifika wapi. Haya yote niliambiwa siku ile ile na yule kijana. Nilikuwa narekodi, sikuwa nasikiliza. Na kabla ya kuondoka, kikundi chetu kilikuwa kimembana bei mpaka akanyamaza. Hilo pia halimo kwenye rili.

Wiki iliyopita nilienda Bodo kwa ami, tukamtafuta. Tulimkuta kwenye jeti anaziba mtumbwi. Nikamwomba radhi, nikampa zile shilingi tulizomkata, nikamwambia nataka kuiweka video upya na sauti yake ndani. Akasema sauti sawa, jina nisiandike, mama yake hajui kwamba anapeleka watu kwa mamba.

Nikamwonyesha kapsheni mpya niliyoiandika, nimeeleza vizuri mwendo mzima, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Akaisoma polepole, mkono mmoja bado una pamba na mafuta.

"Saa umekosea," akasema. "Hiyo ni ya siku ile. Watu wakija na hii watakwama."

Nimeifuta. Ukitaka saa, nenda Bodo ukaulize jetini.