Lori Lililopotea Njia

Msomaji wangu, bila shaka umepata kuwaona watu wapitao mitaani wakinunua vyuma vikuukuu. Kazi yao ni ya manufaa, kwa maana chuma chakavu huyeyushwa kikawa kipya. Lakini sikiliza yaliyotokea katika mji wa Ciudad Juárez, nchini Mexico, upate kujua hatari iwezayo kujificha ndani ya lundo la vyuma.

Katika mwaka wa 1977 hospitali moja ya mji huo ilinunua mashine ya kutibu saratani. Ndani yake mlikuwamo punje 6,000 hivi za kobalti 60, kila moja ndogo kama punje ya ulezi. Kobalti hiyo hutoa miali isiyoonekana wala kunusika, nayo yaweza kuudhuru mwili vibaya. Kwa hiyo hufungiwa ndani ya chombo kizito. Hospitali haikuwa na mtaalamu wa kuitumia mashine, ikaiweka ghalani karibu miaka 6. Mwezi wa Desemba 1983 fundi mmoja aliivunja, akavipeleka vipande kwa mnunuzi wa vyuma. Kumbe chombo kilikwisha kutobolewa! Punje zikamwagika garini na uwanjani, zikachanganyika na vyuma vingine, navyo vikatiwa tanurini. Zikatengenezwa nondo za kujengea na miguu ya meza, zikauzwa Mexico na Marekani.

Je, siri hiyo ilifichuliwaje? Si kwa werevu, bali kwa bahati. Tarehe 16 Januari 1984, lori lililopakia nondo hizo lilipotea njia katika jimbo la New Mexico, Marekani, likapita penye maabara ya Los Alamos, ambako paliwekwa vyombo vya kutambua miali. Vyombo vikalia. Wakaguzi wakafuatia nyayo za chuma kile mpaka Ciudad Juárez. Nchini Mexico nyumba zaidi ya 800 zikabomolewa, kwa kuwa kobalti iliyokwisha kuyeyuka pamoja na chuma haioshwi ikatoka.

Fikiri, ewe kijana: kama dereva yule angalishika njia yake, watu wangapi wangaliendelea kulala kati ya kuta zile? Tangu hapo viwanda vingi vya kuyeyusha chuma, na mipaka mingi, vimewekewa vyombo kama vile malangoni, ili kila lori lipimwe kabla ya kushusha mzigo. Hata hivyo, chombo kilichofunikwa na vyuma vingi huweza kupita kisitambuliwe. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni daftari: kila mashine ya namna hiyo iandikwe tangu inunuliwapo hata itupwapo, na mwenyewe ajulikane.

Mlinzi mwingine ni wewe. Ukiona kwenye chuma alama ya mapanga matatu yaliyozunguka kitone, usikiguse wala usikiuze. Jitenge nacho, ukawaarifu wakuu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Ciudad Juárez walizibomoa kuta kwanza.