Anayeuguza Naye Alale
Kwa muda mrefu, mume au mke anayemuuguza mwenzake mwenye saratani hakuhesabiwa hospitalini. Daktari Cicely Saunders alipofungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, London, mwaka 1967, alitaka familia nzima ihudumiwe; daktari wa akili Colin Murray Parkes akaanzisha huko huduma kwa wafiwa.

Huduma ya aina hiyo ilifika Afrika Mashariki pia: Nairobi Hospice ilianza 1990. Mwaka 1993, daktari Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda, Kampala, wauguzi wakiwafuata wagonjwa majumbani.

Dawa kuu ya maumivu waliyowapa ilikuwa morfini ya maji, ya kunywa kila baada ya saa 4. Nani angeamka usiku wa manane kuipima? Mwenza, bila shaka, aliyeshinda akifua, akipika na kumgeuza mgonjwa. Ndiyo maana daktari huweza kuagiza dozi ya kulalia iwe maradufu, wote wawili walale.