Wino wa Zingifuri: Maandishi Juu ya Maandishi Katika Historia ya Kabambare

Je, mtu aandikaye mahali pasipotengwa kwa maandishi ni mharibifu au msanii? Historia ya Maniema ya kusini yaonyesha kwamba swali hili limebeba maswali mawili: haki ya mwenye ukuta, na thamani ya alama yenyewe.

David Livingstone aliwahi kuchonga herufi za jina lake juu ya mti, mwaka 1855, katika kisiwa kilicho ukingoni mwa maporomoko ya Zambezi. Katika kitabu chake cha 1857 alikiri kwamba tendo hilo lilikuwa la majivuno. Tarehe 21 Septemba 1869 aliwasili Bambarre, ndiyo Kabambare. Huko vidonda vya miguu vilimweka kitako kwa miezi mingi, na karatasi ikamwishia. Ndipo alipoandika juu ya kurasa za vitabu na magazeti makuukuu, mistari yake ikiikatiza ile iliyopigwa chapa. Wino wake ulikuwa zingifuri, rangi ambayo wenyeji walitilia nguo. Barua aliyomwandikia rafiki yake Horace Waller tarehe 5 Februari 1871 ilitoka Kabambare kwa namna hiyo. Safari hii hapakuwa na majivuno, bali dhiki.

Kutoka Kabambare alielekea Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara ya biashara waliwamiminia risasi waliokuwa sokoni, na mamia wakafa, wengi wao wanawake. Livingstone aliyaandika hayo juu ya gazeti la The Standard. Wino ulififia na gazeti likachakaa, hata maneno yakawa hayasomeki. Mnamo 2010 na 2011 wataalamu waliyafufua kwa kupiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali. Ilidhihirika kwamba katika nakala safi aliyoitengeneza baadaye, Livingstone alikuwa amepunguza makali ya maneno kuhusu mwenendo wa wafuasi wake mwenyewe. Ukurasa uliochafuka ulisema mengi kuliko ule msafi.

Hali kadhalika, huko Mombasa, michoro ya meli na watu waliyoichora Wareno katika ukuta wa Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, leo huhifadhiwa kama hazina. Huko Bukama, mwaka 1926, mtumishi wa serikali Mbelgiji Georges Thiry aliona nyumba zilizopambwa kwa michoro, akampa mchoraji Albert Lubaki karatasi. Mwaka 1929 kazi hizo zilionyeshwa Brussels. Karatasi zikabaki, kuta zikaanguka.

Kasongo, makao ya Tippu Tip na Waungwana wake, ulitekwa na jeshi la Leopold II tarehe 22 Aprili 1893. Nyumba za udongo hazidumu kama mawe ya pwani. Kilichochorwa juu yake huondoka na mvua. Kwa hiyo, kimya cha kuta hizo si ushahidi kwamba wakazi wake hawakuwa na la kusema.

Kwa kumalizia, mwenye nyumba ana haki ya kupaka chokaa ukuta wake, na anayeuchafua bila idhini humkosea. Lakini kosa hilo haliondoi maana ya alama. Yafaa basi maneno na michoro ya kuta za Kasongo na Kabambare inakiliwe kwanza, pamoja na Kiswahili chake kama kilivyo, ndipo chokaa ifuate.