Kisu cha Mtoto wa Miaka Kumi

Mwishoni mwa 1932 chama cha vijana wa Hitler kilikuwa na wanachama wapatao laki moja. Mwaka mmoja baadaye walizidi milioni mbili. Jumuiya nyingine nyingi za vijana zilipigwa marufuku au zikamezwa, na wavulana waliozoea kwenda kambini na kisu kiunoni wakajikuta wamevaa sare ya Wanazi. Kisu hawakunyang'anywa. Walipewa kingine.

Kilianza kutolewa 1933. Umbo lake lilifuata singe ya askari, likafupishwa limfae mtoto: bapa la sentimita 14 hivi, mpini wenye vibao vyeusi vilivyochongwa miraba midogo ili usiteleze mkononi, ala ya chuma iliyopakwa rangi nyeusi. Katikati ya mpini ilikaa nembo iliyokatwa pembe kama kashata, nyekundu kwa nyeupe, na swastika ndani yake. Kwenye bapa yalichorwa kwa asidi maneno "Blut und Ehre!", yaani Damu na Heshima.

Mtoto hakukivaa bila kukitolea jasho. Mvulana wa miaka 10 aliyeingia Jungvolk, tawi la wadogo, alipaswa kukimbia mita 60 kwa sekunde 12, kuruka mita 2.75, kurusha mpira mita 25, kwenda matembezi ya siku moja na nusu na kukariri wimbo wa chama. Akifaulu, ndipo kisu kinaning'inia kiunoni. Kwangu mimi huu ndio uovu mkubwa wa kifaa hiki. Mtoto wa umri huo hukubali mengi ili asipitwe na wenzake, na waliotunga mtihani ule walilijua hilo. Watoto hao walikua wakapelekwa vitani: waliozaliwa 1926 ndio waliojaza Divisheni ya 12 ya SS, jeshi la chama cha Wanazi, ilipoundwa 1943, na mwaka uliofuata wengi wao wakafia Normandy.

Leo visu hivi hununuliwa na kuuzwa minadani, na anayetaka kukitambua cha kweli huanza na bapa. Vingi vilitengenezwa Solingen, mji wa wahunzi wa visu tangu enzi za kati. Vya mwanzo vina alama ya kiwanda. Baadaye idara ya chama iliyosimamia vifaa ikaweka herufi RZM na namba ya mtengenezaji inayoanza na M7, mara nyingi pamoja na mwaka. Vya kipindi cha katikati hubeba alama zote mbili. Maneno ya asidi yaliachwa 1938, kwa hiyo kisu chenye tarehe ya 1941 na maneno hayo kikupe shaka mara moja.

Shaka hiyo ina sababu. Askari wa Marekani na Uingereza walirudi na visu hivi kama kumbukumbu za vita, watafutaji wakawa wengi kuliko visu, na mafundi wasio waaminifu wakaanza kuvitengeneza upya. Nembo ya asili ni rangi ya kioo iliyochomwa juu ya chuma: ngumu, na ikigongwa hubanduka vipande. Ya bandia mara nyingi ni rangi ya kawaida au plastiki. Viko pia visu halisi ambavyo nembo iling'olewa baada ya 1945, wenyewe wakaendelea kuvitumia. Wauzaji huvishusha bei. Mimi naviona vina historia zaidi, kwa sababu hapo kuna mtu aliyeamua kuitoa ile alama.

Nchini Ujerumani, kuonyesha alama hiyo ya swastika hadharani ni kosa la jinai, isipokuwa kwa elimu, utafiti, sanaa na mambo ya namna hiyo.

Ukirithi kisu kama hiki, usikisugue wala kukipaka rangi. Andika kilitoka kwa nani, wapi na mwaka gani, kisha ulizia jumba la makumbusho kabla ya kumwita dalali.