Jina la Watu Lililogeuzwa Neno la Utumwa

Mwingereza husema slave, Mfaransa esclave, Mjerumani Sklave, Mhispania esclavo na Mreno escravo. Yote yana shina moja, nalo ni jina la watu: Waslavi, ambao leo ni Warusi, Wapolandi, Wacheki, Waserbia na wengineo. Makala hii inadai kuwa historia ya neno hilo inapinga dhana kwamba rangi ya ngozi ndiyo iliyozaa utumwa.

Katika karne ya 6 waandishi wa Kigiriki, akiwemo Procopius, waliwaita watu hao Sklabenoi. Sauti k ilipachikwa kwa kuwa Kigiriki hakikuzoea kuanza neno kwa sl. Kilatini kikalipokea jina hilo likawa sclavus. Kufikia karne ya 10, mateka wa Kislavi walikuwa wakiswagwa kwa wingi kuelekea masoko ya magharibi na kusini. Hapo sclavus likaanza kumaanisha mtu yeyote anayemilikiwa, likalisukuma kando neno la kale, servus. Waarabu wa Andalusia nao waliwaita mateka hao saqaliba.

Wanaisimu wengi hulihusisha jina la Waslavi na slovo, yaani "neno": watu wanaosema na kuelewana. Jirani yao Mjerumani walimpa jina linalotokana na ububu. Hivyo, waliojiita wasemaji ndio ambao jina lao lilikuja kumtambulisha mtu asiye na kauli.

Mwaka 1444 mateka wa Kiafrika walishushwa na kugawanywa mjini Lagos, Ureno. Neno escravo likaja kubandikwa kwao na kuvushwa Atlantiki, hadi wengi wakasahau kwamba awali lilimhusu Mzungu.

Neno hilo limejificha hata katika salamu. Ciao ya Waitaliano ilitoka Venice, ikimaanisha "mimi ni mtumwa wako". Na huko Vienna watu bado husalimiana kwa servus, lile neno la kale la Kilatini. Mswahili hatashangaa, kwani shikamoo nayo hufafanuliwa kuwa ni "nashika miguu yako". Unyenyekevu wa mnyonge umegeuka adabu ya wote.

Kiswahili, hata hivyo, kilipita njia nyingine. Mtumwa ni mwenye kutumwa, na kitenzi hichohicho, kutuma, ndicho kilichotupa mtume. Neno letu linataja hali aliyotiwa mtu, wala halitaji kabila lake. Tofauti hii haitakasi utumwa uliofanyika katika pwani yetu, lakini inatukumbusha kwamba utumwa ni jambo ambalo mtu hutendewa. Hakuna taifa lililozaliwa nao.

Mwalimu wa historia anayetaka wanafunzi wake waelewe hilo na aanze somo kwa neno moja, slave. Soko lilimtafuta aliyeshindwa vitani na asiye na mtetezi. Hoja ya rangi ilitungwa baadaye.