Jibu la Mwenzi: Karata, Waziri na Tamko la Bila Turufu

Tarehe 7 Machi 1961, Lodi Salisbury alisimama katika Baraza la Malodi mjini London, akatoa hotuba kali juu ya Waziri wa Makoloni, Iain Macleod. Malodi walikuwa wakijadili mambo ya Afrika, hasa ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Lodi huyo alisema kwamba waziri alikuwa na werevu uliopita kiasi. Kisha akataja mchezo wa karata. Alisema kwamba katika mchezo wa briji si aibu mtu kumzidi mpinzani wake kwa akili, na kwamba waziri alionekana kuuleta mchezo huo katika mambo ya utawala, akawafanya Wazungu wa Afrika kuwa wapinzani wake mezani.

Msomaji, yamkini umekwisha kusoma habari za mikutano ya Lancaster House, lakini sidhani kama uliwahi kuelezwa mchezo wenyewe uliotajwa siku ile. Mtu asiyeujua hawezi kupima kama shutuma ile ilikuwa ya haki. Nilipochora mikono minne ya karata ubaoni mbele ya wanafunzi wangu wa ualimu, wengine walicheka, na mmoja akaniuliza kama somo la historia limehamia kibarazani. Nilimjibu kwamba limehamia kwa muda.

Karata si ngeni kwetu. Watu wa pwani wanazicheza tangu zamani, na majina yake yenyewe ni kumbukumbu za historia. Shupaza, kopa, uru na pau ni maneno ya Kireno yaliyobaki midomoni mwetu baada ya Wareno kutolewa Ngome ya Yesu mwaka 1698. Neno turufu nalo ni lao, na hata neno karata. Ajabu ni neno ree: kwa Kireno maana yake ni mfalme, nasi tumelipa karata ya moja, ambayo humshinda mfalme!

Basi, briji huchezwa na watu wanne, wawili wawili, kila mtu akikabiliana na mwenziwe. Karata 52 hugawanywa, kila mmoja akapata 13. Mchezaji hutoa karata moja, na wengine humfuata, na mwenye karata kubwa huzila zote nne. Hivyo pana mizunguko 13. Lakini kabla ya kucheza hufanyika mnada. Kila mmoja kwa zamu yake hutamka kwamba yeye na mwenziwe wataweza kula mizunguko mingapi, na aina gani iwe turufu. Anaweza pia kutamka kwamba pasiwe na turufu yo yote, na hilo ndilo tamko la bila turufu. Tamko la moja maana yake ni mizunguko saba, kwa kuwa sita ya kwanza haihesabiwi. Katika mnada huo ni haramu kumwonyesha mwenzi karata, au kumkonyeza, au hata kubadili sauti. Yote uliyo nayo mkononi yapasa kuelezwa kwa maneno machache yaliyowekwa na sheria, nayo husikiwa na wapinzani vile vile.

Zamani mnada huo haukuwa na uzito mkubwa. Katika briji ya mnada, iliyochezwa mwanzoni mwa karne ya 20, mtu aliyetamka mizunguko saba akala kumi alihesabiwa yote kumi. Kwa nini basi ajisumbue kueleza mkono wake barabara? Mabadiliko yalikuja katika safari ya bahari. Mwaka 1925 tajiri Mmarekani, Harold Vanderbilt, alikuwa abiria wa meli iitwayo Finland, iliyotoka Los Angeles kwenda Havana kwa njia ya Mfereji wa Panama. Humo alijaribu pamoja na wenziwe taratibu mpya za kuhesabu alama. Shina lake lilikuwa hili, ambalo Wafaransa walikuwa wamekwisha kulitumia katika mchezo wao wa plafond: mizunguko uliyoitamka na kuitimiza ndiyo tu itakayohesabiwa katika kumaliza mchezo. Iliyozidi hulipwa pembeni. Huo ndio mwanzo wa briji ya mkataba, na katika miaka michache uliwafukuza ndugu zake wakubwa mezani.

Tazama jinsi kanuni moja ya hesabu ilivyozaa lugha nzima. Kumaliza mchezo kwahitaji alama 100. Bila turufu, mzunguko wa kwanza huleta alama 40 na kila unaofuata 30. Kwa hiyo tamko la tatu, yaani mizunguko tisa, latosha. Kwa shupaza au kopa kila mmoja huleta 30, na yapasa kutamka nne. Kwa uru na pau ni 20 tu, na yapasa kutamka tano. Sasa wenzi wawili wasioonana karata walilazimika kuulizana na kujibizana kwa uangalifu: Je, nguvu zetu zatosha? Na zikitosha, tucheze na turufu au bila?

Kupima nguvu kulihitaji kipimo. Katika miaka ya 1930 wengi walifuata njia ya Ely Culbertson, iliyohesabu mizunguko ambayo karata kubwa zingetazamiwa kuila. Lakini kwa bila turufu pana njia nyepesi zaidi, iliyoandikwa na Bryant McCampbell mwaka 1915, ikaenezwa na Milton Work, hatimaye ikafanywa mali ya watu wote na Charles Goren kwa kitabu chake cha mwaka 1949. Ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Jumla ya karata zote ni pointi 40. Uzoefu umeonyesha kwamba mikono miwili yenye pointi 25 au 26 pamoja kwa kawaida hula mizunguko tisa bila turufu. Wenye 33 wanaweza kujaribu mizunguko kumi na miwili, na sababu yaonekana kwa hesabu ya darasani: wapinzani wamebakiwa na pointi 7, hawawezi kuwa na ree mbili.

Hapa ndipo tamko la moja bila turufu linapopata heshima yake. Matamko mengine ya kwanza ni mapana. Mtu aweza kuwa na pointi 12 au 20. Lakini asemaye moja bila turufu amefungua kifua chake. Ametangaza kwamba karata zake zimegawanyika kwa usawa katika aina nne, na kwamba pointi zake zimo katika kipimo chembamba, 16 hadi 18 kwa desturi ya Goren. Akiisha kusema hivyo, hana siri kubwa tena. Kuanzia hapo nahodha wa chombo ni mwenziwe, yule ajibuye, kwa sababu yeye peke yake anajua mikono yote miwili kwa kukadiria. Mwenye kujibu akiwa na pointi chini ya 8, na mkono wake ni wa usawa, hunyamaza. Akiwa na 8 au 9 husema mbili bila turufu, kama kwamba auliza: uko juu ya kipimo chako au chini? Akiwa na 10 huenda moja kwa moja kwenye tatu.

Mjini London vijana kadha walifuata njia ya ujasiri zaidi. Walikutana katika klabu moja ya Acol Road, Hampstead, katika miaka ya 1930, na jina la barabara hiyo likawa jina la mfumo wao. Miongoni mwao walikuwamo Jack Marx, S. J. Simon, Maurice Harrison-Gray na kijana mmoja aliyetoka Cambridge, Iain Macleod. Huyu aliajiriwa na De La Rue, kampuni ya wachapaji iliyochapa noti na, kwa kichekesho cha majaliwa, karata za kuchezea. Wakamwondoa kwa sababu alikesha mezani akachelewa kazini. Mwaka 1937 alikuwa katika timu iliyotwaa Gold Cup, shindano kubwa la Uingereza. Watu wa Acol walikuwa tayari kutamka moja bila turufu kwa pointi 12 hadi 14 tu, wasipokuwa katika hatari ya adhabu kubwa. Tamko hilo dhaifu liliwaziba wapinzani njia, lakini liliongeza mzigo wa mwenye kujibu, maana sasa alipaswa kujua kukimbia kama ajuavyo kushambulia. Mwenye shupaza sita na pointi tatu tu asingeweza kumwacha mwenziwe azame. Alisema shupaza mbili, akamtoa katika maji makuu akamweka penye mwamba, ingawa mwamba mdogo.

Fikiri mkono huu. Mwenzi wako ametamka moja bila turufu, pointi 12 hadi 14. Wewe una shupaza nne: mfalme, 10, 7 na 4, kopa nne: ree, malkia, 8 na 3, uru tatu: mfalme, ghulamu na 5, na pau mbili ndogo tu, 9 na 6. Hesabu: pointi 13. Pamoja mna 25 au zaidi. Mwafaa kumaliza mchezo. Lakini pau zako ni mlango usio na komeo. Ikiwa mwenzi ana kopa nne au shupaza nne, turufu hiyo itawaongezea mzunguko mmoja na kuufunga mlango. Ikiwa hana, ni afadhali bila turufu. Utamwulizaje bila kumwonyesha?

Jibu lilibuniwa mara mbili, kila upande wa bahari ya Atlantiki. Jack Marx alilipata huko Uingereza kabla ya Vita Kuu ya Pili kutanda, lakini makala yake haikuchapwa ila mwaka 1946. Marekani lilibuniwa na George Rapée, na mwenziwe, Samuel Stayman, akaliandika katika jarida la The Bridge World mwezi Juni 1945. Jina la mwandishi ndilo lililoshika, si la mbuni! Walilichukua tamko la pau mbili, ambalo halikuwa na kazi kubwa, wakalivua maana yake ya zamani. Sasa halisemi lo lote juu ya pau, lauliza, "Je, unazo kopa nne au shupaza nne?" Mwenzi akisema kopa mbili, anazo kopa, akisema shupaza mbili, anazo shupaza, akisema uru mbili, hana hizo wala hizo. Baadaye Mswidi Olle Willner, na Mmarekani Oswald Jacoby mwaka 1956, walifundisha kutamka aina iliyo chini ya ile uliyo nayo, ili mwenye mkono wa nguvu awe ndiye achezaye na karata zake zibaki zimefichwa.

Wapo waliochukia mapatano hayo, wakisema ni udanganyifu kusema pau ukiwa huna pau. Mimi sikubali. Sheria za briji haziruhusu wenzi kuwa na mapatano ya siri. Mpinzani ye yote, zamu yake ifikapo, ana haki ya kuuliza maana ya tamko, na sharti aelezwe. Neno lililobadilishwa maana mbele ya watu wote si uongo.

Sasa turudi kwa Lodi Salisbury. Macleod aliandika kitabu juu ya briji mwaka 1952, na mwaka huo huo akawa Waziri wa Afya. Mwezi Oktoba 1959 alipewa wizara ya makoloni. Tazama mkono aliokabidhiwa. Katika Kenya, Hali ya Hatari ilikuwa imedumu tangu Oktoba 1952. Huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hata wakafa. Katika Lancaster House, kuanzia Januari 1960, Ronald Ngala aliwaongoza wajumbe wa Kiafrika, na Tom Mboya alikuwa katibu wao. Mapatano yaliweka viti 33 katika Baraza la Kutunga Sheria vilivyokuwa wazi kwa wapiga kura wa kila rangi, na 20 vya kutengwa, na kwa hiyo Waafrika wakaiona njia ya kuwa wengi. Michael Blundell, aliyewaongoza masetla waliokubali, aliporudi Nairobi alitupiwa sarafu thelathini, kama za Yuda.

Kwa maoni yangu, Lodi huyo aliukosa mchezo mara mbili. Kwanza, alimwona mwerevu afichaye, lakini tamko lilikuwa wazi: Waziri Mkuu, Harold Macmillan, alikwisha kusema juu ya upepo wa mabadiliko huko Cape Town tarehe 3 Februari 1960, na walimwengu wote wakasikia. Aliyefuata alihesabu pointi zilizobaki mkononi mwa Uingereza, akaona kwamba hazitoshi kushikilia. Pili, na hili ni zito zaidi, katika meza ya Lodi Salisbury walikaa Wazungu peke yao, waziri upande mmoja na masetla upande wa pili. Waafrika walikuwa wapi? Aliwaona kama karata zinazogawanywa. Ngala na Mboya walikuwa wachezaji, na matamko yao ndiyo yaliyomlazimisha waziri kuhesabu upya.

Macleod hakujiuzulu kwa ajili ya hotuba ile. Kabla ya mwezi huo wa Machi 1961 kwisha, alikuwa Dar es Salaam, katika ukumbi wa Karimjee, akikubaliana na Julius Nyerere juu ya uhuru wa Tanganyika mwezi Desemba mwaka ule ule.