Kibao cha Dholuo

Mwezi uliopita chuo kimoja cha Marekani kiliniandikia: nikasomee uzamifu wa isimu, huku nikifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuandika Kiingereza. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza mjini Migori. Kwetu ni kisiwa cha Mfangano, Homa Bay, na nyanya yangu alizungumza Kisuba. Sikumwelewa hata nusu.

Nikamkumbuka Ngũgĩ wa Thiong'o. Oktoba 1968, akiwa bado James Ngugi, yeye na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe. Watu huipotosha hoja yao. Hawakusema Shakespeare atupwe ziwani. Walitaka Afrika ikae katikati, halafu Uingereza ivute kiti pembeni kama wageni wengine.

Sasa ona kinaya. Mwaka 1982, akiwa London, Ngũgĩ alionywa asirudi nyumbani. Baadaye akafundisha Yale, kisha New York, na kuanzia 2002 Irvine, California, akiwa profesa wa Kiingereza na fasihi linganishi. Ati aliyetaka kuvunja idara ya Kiingereza akaishi kwa mshahara wake! Alipofariki Mei 2025, kuna rafiki yangu aliyelicheka hilo. Mimi sikucheka. Ni huko New York, 1994, alikoanzisha Mũtĩiri, jarida la Kikuyu. Na alikuwa California Mũrogi wa Kagogo ilipoanza kuchapishwa, riwaya nene kweli, kwa Kikuyu. Kiingereza kililipa kodi ya nyumba, Kikuyu kikalala ndani.

Lakini kuna kitu hakinikai sawa. Kwake, mbabe alikuwa Kiingereza na kimbilio ni lugha ya mama. Kwetu visiwani Kiingereza kilikuta kazi imeshaanza. Wazee wa Wasuba walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Wakaoana na Waluo, wakauziana samaki na nafaka, kisha kanisa na shule vikaja na Dholuo. Hakuna aliyempiga nyanya yangu ili aache Kisuba. Alisali kwa Dholuo, akauza omena kwa Dholuo, akawalea wanawe kwa Dholuo kwa sababu ndiyo iliyokuwa na vitabu. Yaani lugha ya mama ya darasani ilikuwa ya mama wa watu wengine.

Shuleni nilivishwa kibao shingoni kwa kuongea Dholuo. Kwa Kisuba sikuwahi kuadhibiwa, sikuwa nacho.

Nimewajibu kwamba nitakwenda. Fomu iliuliza nataka kutafiti lugha gani, nikaandika Kisuba, mkono ukitetemeka kidogo maana salamu zenyewe huwa nazikosea. Jumamosi napanda boti pale Mbita. Mdogo wake nyanya bado yuko Mfangano, na nimeambiwa asubuhi ndipo husikia vizuri.